Nyoka Mpole Simtaki

Najua kichwa cha makala haya kitakufanya udhani kwamba mwandishi amepandwa na wazimu, au labda maharagwe ya Jumatano yamempanda kichwani. Subiri kidogo. Mabishano yaliyozuka muhula huu katika chama cha wanyamapori cha shule yetu, ambacho mimi ni mwanachama kama nilivyo mwanachama wa Chama cha Kiswahili, yamevuka mipaka ya chama na kufika mabwenini, jikoni na hata katika chumba cha walimu. Kila mtu ana lake la kusema. Ajabu ni kwamba wengi wa wasemaji hawajapata kumwona hata mmoja wa hao nyoka wanaogombaniwa. Ndiyo sababu nikamwendea mhariri, nikamwomba nafasi, naye kwa ukarimu wake akanipa, ila akanionya nisitukane mtu. Sitatukana.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwalimu mlezi wa chama alitutangazia kwamba tumekubaliwa kukitumia kile kisanduku kikubwa cha vioo ambacho kimekaa katika maabara ya biolojia miaka na mikaka bila kazi nyingine isipokuwa kukusanya vumbi. Tutaweka humo nyoka mmoja asiye na sumu, tumfuge, tumchunguze, tuandike anavyokula na anavyojivua gamba. Nyoka mmoja, si wawili. Na kabla ya hayo yote ni lazima kuomba kibali, maana Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumtia mnyamapori kizimbani kama anavyofuga kuku, hata akiwa mwalimu mkuu. Mlezi akatuambia tuamue wenyewe kwa kura ni nyoka gani ataandikwa katika maombi hayo. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Upande mmoja unamtaka nyoka wa mchanga. Huo ndio upande wa mwenyekiti wetu, na nakiri kwamba ni upande mkubwa. Upande wa pili unamtaka nyoka wa nyumba. Ninapoandika haya, upande huu una watu wanne, nami nimo. Kura itapigwa wiki ya kwanza ya muhula ujao.

Hebu kwanza niwajulishe hao wawili, kwa ajili ya wale wanaopiga kelele gizani.

Nyoka wa mchanga ni wa kwetu hasa, kwa kuwa nchi yake ni nchi kavu tangu Misri na Sudan, kupitia Ethiopia na Somalia, hadi Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Wanasayansi humwita Eryx colubrinus, na yule bwana Linnaeus wa Uswidi, mwenye kuvipa viumbe majina, alimwandika mwaka 1758. Hapa kwetu Kitui si mgeni. Ni mnene na mfupi, kama kipande cha mpini wa jembe. Jike hufika sentimita 60 au 80, na dume ni kijitu kidogo tu ambacho mara nyingi hakipiti sana sentimita 40. Rangi yake ni ya chungwa au manjano, yenye mabaka makubwa ya kahawia iliyokolea. Macho ni madogo na yamekaa juu ya kichwa, kwa sababu kazi yake ni kujifukia mchangani akaacha macho na pua tu, akangoja. Hatagi mayai bali huzaa watoto wakiwa hai. Ulaya na Marekani wanamfuga kwa maelfu, na wamemzalisha mpaka wakapata wenye rangi ambazo sisi wenye nyoka hatujawahi kuziona porini. Ukimwuliza mfugaji wa huko kwa nini amemchagua, atakujibu kwa neno moja: upole.

Nyoka wa nyumba naye hana fahari hiyo. Ni wa kahawia, pengine mwekundu kama tofali, mwembamba kiasi, urefu wake sentimita 60 hadi 90 na jike kubwa huweza kupita mita moja. Utamjua kwa mistari miwili myeupe kama maziwa kila upande wa kichwa, mmoja ukipita juu ya jicho na mwingine chini yake. Ukimtazama juani magamba yake hung'aa rangi rangi kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Hutaga mayai. Hana sumu hata chembe. Huyakaba mawindo yake kwa kuyaviringisha, sawasawa na chatu. Na anaitwa nyoka wa nyumba kwa sababu ndipo anapokaa: penye nyumba pana panya, na penye panya yeye yupo. Mkikumbuka, yule nyoka aliyeuawa stoo ya chakula muhula uliopita kwa mawe, fagio, na kuni moja ya Mama mpishi, alikuwa ni huyu. Niliona ile mistari. Nilisema. Nani alinisikiliza? Wiki mbili baadaye gunia la mahindi likatobolewa na panya, tukaambiwa uji utapunguzwa.

Sasa tuje kwenye hulka zao, maana hilo ndilo shina la mabishano yote.

Mwaka jana chama chetu kilizuru kituo kimoja cha nyoka. Mtunzaji wa pale, mzee mpole mwenye mikono iliyojaa makovu, alituruhusu kuwashika hao wawili, mmoja mmoja. Mwenyekiti alipewa nyoka wa mchanga. Jamani, mngemwona! Yule nyoka alijizungusha kwenye vidole vyake akatulia tuli, kichwa amekiingiza kati ya vidole viwili, hata kupumua huoni. Mwenyekiti akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Ananipenda!" akasema. Tukapiga picha.

Mimi nikapewa nyoka wa nyumba. Kabla sijamaliza kunyoosha mkono alikwisha kuniuma kidole gumba, mara mbili, chap chap, kama cherehani. Halafu akanitolea uvundo ambao sitaueleza hapa kwa heshima ya walimu. Kila mtu alicheka. Vidonda vyenyewe vilikuwa vitone vya damu kama vya kuchomwa na miiba midogo, nikanawa kwa maji na sabuni, kukaisha. Lakini jina la "Gumba" nilibandikwa siku hiyo hiyo na mpaka leo nalibeba.

Mzee yule hakucheka. Alituambia kwamba nyoka aliyeniuma ameletwa wiki iliyopita tu, na bado ana woga. Akatuletea mwingine wa aina ile ile, aliyekaa naye muda mrefu na kuzoea kushikwa. Huyo alinipanda mkono, akapita nyuma ya shingo, akateremkia mkono wa pili, akawa anatembea na kunusa kwa ulimi bila hasira yoyote. Hakutulia hata dakika moja, lakini hakuuma. Ndipo mzee akamgeukia mwenyekiti na kumwambia jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile. Alimwambia: "Mwanangu, huyo wako hakupendi. Amejificha. Vidole vyako ndivyo mchanga wake."

Kisha akamrudisha yule mpole katika kisanduku chake, akangoja azame mchangani, akaninginiza panya aliyekufa kwa koleo refu. Hatukuona kitu. Ghafla mchanga ulipasuka na panya akawa amekwisha kudakwa kwa ubavu, kwa pigo la upande upande ambalo hakuna aliyeliona likianza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mzee akasema ndiyo maana haweki mkono wake karibu na mchanga ule mkono ukiwa na harufu ya panya, mpole au si mpole.

Kwa hiyo, tukiulizana nani mpole kuliko mwenzake, jibu ni rahisi na sitalificha: mkononi, nyoka wa mchanga ni mpole zaidi. Nyoka wa nyumba ana hasira za mkizi mwanzoni, ana mbio, ana uvundo, na anahitaji wiki kadhaa za kushikwa kwa utaratibu kabla hajakuzoea. Upande wa mwenyekiti ukinieleza haya ukidhani unanishinda, unapoteza pumzi bure. Nayakubali yote. Ninachouliza ni swali jingine kabisa: sisi, katika shule hii, katika sehemu hii ya Kenya, tunataka nyoka mpole wa nini?

Hapa sina budi kusimulia jambo ambalo sijalisimulia shuleni, na ambalo hata kuliandika kumenichukua siku nyingi.

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilijiunga na chama cha wanyamapori kwa pupa ya mtu aliyegundua kitu kipya. Nilisoma kitabu kimoja cha nyoka katika maktaba mpaka jalada likang'oka. Likizo ya Agosti nikarudi nyumbani nikiwa mtaalamu. Huko kwetu wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wa mto uliokauka ili wapate maji, na siku moja tukichimba, jembe likamfukua nyoka wa mchanga, jike nene zuri. Watu walikimbia. Mimi sikukimbia. Nilimtambua, nikamwinua, akajizungusha mkononi mwangu na kutulia kama alivyotulia baadaye yule wa mwenyekiti. Watoto wakanizunguka. Nikawaeleza kwamba nyoka huyu mnene, mfupi, mwenye mabaka, hana sumu, hana neno, mpole kama paka. Nikawaacha wamguse. Aliyekuwa wa kwanza kumgusa ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, wakati huo ana miaka tisa, mtoto asiyejua kuogopa. Siku hiyo nilijiona profesa.

Haikupita wiki tatu. Nilikuwa nimekwisha kurudi shuleni. Binamu alikuwa akichunga mbuzi, akamwona chini ya mgunga, juu ya majani makavu, nyoka mnene, mfupi, mwenye mabaka, ametulia tuli. Hakukimbia, kwa maana alikuwa amefundishwa. Akainama kumwinua awaonyeshe wenzake.

Alikuwa moma, yule ambaye wengine humwita bafe.

Msomaji, moma hana haraka. Hiyo ndiyo hatari yake. Nyoka wengi wakisikia nyayo hutoroka, lakini moma hutegemea rangi yake imfiche, akabaki pale pale alipo mpaka mtu amkanyage au amguse. Mara nyingine huvuta pumzi na kukoroma kwa kishindo, na mara nyingine hakoromi. Siku hiyo hakukoroma. Alimpiga binamu yangu mkono wa kulia. Sumu yake huozesha nyama. Wazee waliokuwa karibu walimfunga kamba kwenye kiganja wakaikaza, jambo ambalo leo najua halifai kabisa, kwa kuwa kamba huzuia damu na kuzidisha uozo. Inatakiwa mtu atulizwe, kiungo kisichezeshwe, pete na bangili zivuliwe kabla uvimbe haujaja, akimbizwe hospitali bila kuchanjwa wala kunyonywa kidonda. Pikipiki ikampeleka zahanati, zahanati haikuwa na dawa ya kuzima sumu. Wakaambiwa waende mbele. Mbele kulikuwa mbali. Alipona, namshukuru Mungu, lakini vidole viwili havikupona. Sasa anaandika kwa mkono wa kushoto, na mwandiko wake wa kushoto umeanza kuwa mzuri kuliko wangu wa kulia.

Shangazi hajanilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu.

Sasa mnaelewa kwa nini nyoka mpole simtaki. Si kwamba nyoka wa mchanga ana kosa. Yeye ni yeye. Mtu aliyetulia na kutazama vizuri atamtofautisha na moma bila taabu: kichwa cha nyoka wa mchanga hakitofautiani na shingo, ni kama kidole tu, na mkia wake ni butu, wakati moma ana kichwa kipana cha pembetatu, shingo nyembamba, magamba makavu yenye kukwaruza, na mgongoni alama zinazofuatana kama vyeo vya sajini. Katika chati ya ukutani tofauti hizo ni wazi kama mchana. Lakini mtoto wa miaka tisa hatembei na chati. Akilini mwake hubaki maneno matatu: mnene, mfupi, ametulia. Na nani katika nchi hii ni mnene, mfupi, na hutulia? Moma, ambaye yuko karibu kila pembe ya Kenya isipokuwa kwenye baridi kali ya milimani na misitu mizito. Na kule kaskazini, Turkana, Marsabit na Wajir, yuko kifutu mdogo wa jangwani ambaye hukwaruzisha magamba yake yakalia kama chapati inayokaangwa, naye ni mfupi, ana mabaka, na hulala mchangani. Tuna wanafunzi hapa wanaotoka huko. Wakienda likizo watakwenda na somo gani?

Shule haifugi nyoka kwa ajili ya nyoka, inafuga kwa ajili ya mikono. Kila mwanafunzi atakayemshika yule mnyama maabarani ataondoka na mazoea fulani mikononi mwake, na mazoea hayo yatafika kwao kabla ya cheti chake. Nyoka wa mchanga humfundisha mtu kwamba nyoka mnene asiyekimbia ni wa kuinuliwa. Nyoka wa nyumba humfundisha kwamba nyoka ana akili zake, kwamba ukimwendea kwa pupa atakupiga, kwamba sharti usogee polepole, uoshe mikono, uombe ruhusa ya mlezi, ungoje azoee. Akikuuma, umepata vitone viwili vya damu na adabu ya maisha. Mimi "Gumba" nathibitisha.

Najua jibu la mwenyekiti, amekwisha kulitoa mbele ya gwaride. Anasema wafugaji wa Ulaya na Marekani, watu wenye uzoefu na vitabu, wote humpendekeza nyoka wa mchanga kwa anayeanza kufuga. Ni kweli. Lakini mfugaji wa Uingereza, akitoka nje ya mlango wake, nchi nzima ina nyoka mmoja tu mwenye sumu, na watu wengi huishi mpaka uzeeni bila kumwona. Kwake yeye upole wa nyoka ni suala la sebuleni. Anauliza: je, ataniuma nikitazama televisheni? Sisi swali letu liko njiani kwenda kisimani. Ushauri mzuri ukivuka bahari waweza kuwa ushauri mbaya, na hauna aliyekosea. Marekani nako wana nyoka wao wa njuga mwenye sumu, lakini yule angalau hupiga kengele.

Wapo wanaosema kwamba habari za kuumwa na nyoka ni chuku za vijijini, mambo ya hadithi. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Hukadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu, kama wa binamu yangu, ni kama mara tatu ya hao. Wengi ni wakulima na watoto, si watu wa kutazama nyoka kwenye vioo.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ina uzito, na ilitolewa na msichana wa Kidato cha Pili, siyo na wakubwa. Aliniuliza: ukizoeza watu kushika nyoka wa kahawia aliye mwembamba, je, hawatashika swila wakidhani ni nyoka wa nyumba? Na yule mweusi mdogo aishiye ardhini, ambaye meno yake hutokeza kando ya mdomo hata umshike nyuma ya kichwa atakuchoma tu? Nilikosa jibu papo hapo. Nimelifikiria. Jibu langu si kamili. Swila watu humwogopa tayari, naye huinuka na kutanua shingo akakuambia mwenyewe yeye ni nani. Yule wa ardhini ni hatari kweli, na kwa sababu yake nasema kwamba hata tukimchagua nyoka wa nyumba, sheria ya kwanza ya kuandikwa kwenye kile kisanduku kwa herufi kubwa iwe kwamba nyoka wa humu ndani ndiye pekee wa kushikwa, na aliye nje hashikwi na mwanafunzi yeyote, hata awe anafanana naye kama pacha. Msichana yule akasema hiyo sheria ingefaa hata kwa nyoka wa mchanga. Ni kweli, ingefaa. Lakini nyoka wa nyumba huisaidia sheria hiyo kwa meno yake, na nyoka wa mchanga huipinga kwa upole wake kila siku, kimya kimya, kila anapotulia mkononi mwa mtu.

Basi hata tukiacha hayo ya hatari, hebu tujiulize mambo madogo madogo. Siku ya wazazi watakuja kuona nini? Tukiweka nyoka wa mchanga wataona kisanduku cha mchanga. Naapa! Atakuwa amezama, na baba wa mtu ametoka Mwingi kwa nauli yake atasimama pale akitazama mchanga ambao kwake ameuacha tele. Nyoka wa nyumba naye ni wa usiku, mchana hulala chini ya gome, lakini ukiinua gome yupo, na wakati wa prepu ya jioni anatoka mwenyewe kutembea. Anakula vizuri pia, panya mmoja kila wiki hivi, wala hanuni. Dume la nyoka wa mchanga laweza kususia chakula majuma mengi wakati wa kutafuta jike, na tayari naona mwenyekiti akililia nyoka mwenye njaa.

Tena kuna hili la stoo. Tukiishi mwaka mzima na nyoka wa nyumba maabarani, kila mtu katika shule hii, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi Mama mpishi na mzee wetu wa lindo la usiku, ataijua ile mistari miwili myeupe ya kichwani. Siombi wamshike akiingia stoo. Naomba wasimuue, wamwite mlezi, basi. Nyoka wa mchanga hatapata kuingia stoo yetu hata siku moja, kwa hiyo kumjua yeye hakutatuokolea gunia hata moja la mahindi. Mama mpishi nilipomwambia haya alinitazama sana, akasema, "Wewe mtoto, nyoka ni nyoka." Lakini aliuliza ile mistari inakaa wapi hasa. Nikamchorea kwa mkaa ukutani nyuma ya jiko, na mchoro bado upo.

Wenzangu wa upande wa pili, sina ugomvi nanyi. Mwenyekiti ni rafiki yangu na tunalala kitanda cha juu na cha chini. Anasema nimeogopa tu, kwamba kidole gumba changu ndicho kinachopiga kura. Nimemjibu kwamba kama ningepiga kura kwa kidole hicho ningemchagua wake, aliye laini. Akacheka, lakini hajabadili msimamo, nami sijabadili wangu.

Jumapili ya kutembelewa, shangazi alikuja na binamu. Ana miaka kumi na mmoja sasa na bado haogopi kitu. Alikwenda moja kwa moja hadi dirisha la maabara akabandika uso kwenye kioo, akakiona kisanduku kitupu. Akaniuliza nyoka yuko wapi. Nikamwambia bado hajaja. Akaniuliza akija atakuwa yule wa mchanga, yule niliyemwonyesha mtoni. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu, ameshika mkoba wake wa chapati, hasemi kitu. Nikamwambia hatujapiga kura.